Namna ya Kugeuza Riwaya-Mchezo ya Mapenzi Yenye Matawi Kuwa Mfululizo wa Anime

Riwaya-mchezo ya mapenzi, yaani mchezo wa kompyuta unaosomwa kama hadithi, humpa msomaji kitu ambacho televisheni haina, nacho ni nafasi ya kuchagua. Msomaji hupitia maandishi yaliyo chini ya picha, husikiliza sauti za wahusika na muziki, kisha hufika mahali anapoulizwa kama atamsubiri mtu fulani baada ya masomo au atakwenda zake, na jibu lake huhesabiwa kimyakimya na programu mpaka hadithi inapogawanyika. Anayetazama anime, yaani katuni za Kijapani, haulizwi chochote. Kwa hiyo mwandishi anayekabidhiwa kazi ya kuugeuza mchezo wa namna hiyo hana budi kuamua kwanza uchaguzi uliokuwa mkononi mwa mchezaji utahamia kwa nani, na ndipo aulize ni matukio gani yabaki na yapi yaachwe. Wengi huanza na swali la pili, na ndiyo maana mifululizo mingi ya aina hii ina wasichana watano wanaompenda kijana mmoja ambaye hakuna ajuaye anataka nini.

Cheza njia zote, kisha chora ramani

Kila tawi la hadithi, ambalo kwa kawaida humhusu mpenzi mtarajiwa mmoja, huitwa njia. Ucheze mchezo hadi kila mwisho wake ufunguke, ikiwemo ile miisho mibaya ambayo mchezaji wa kawaida huiangukia mara moja na kurudi haraka kwenye faili aliyoihifadhi. Usitegemee muhtasari ulioandikwa na wengine, kwa kuwa muhtasari hueleza lililotokea na huuacha mwendo wake: ni lini msomaji alianza kushuku, alicheka wapi, na ni mstari upi uliomnyamazisha. Unapocheza, tengeneza lahajedwali lenye mstari mmoja kwa kila tukio, ukiandika linapatikana katika njia ipi, nani anabadilika ndani yake, msomaji anajua nini baada yake ambacho hakukijua kabla, na kama tukio hilohilo linaonekana katika njia nyingine kwa sura tofauti.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye mali. Michezo mingi hurudia tukio moja, tuseme tamasha la shule au safari ya pamoja, mara nne au tano, kila mara likitazamwa kutoka upande wa mpenzi mtarajiwa mwingine, na msomaji aliyemaliza njia zote hubeba kichwani ujuzi ambao hakuna mhusika hata mmoja aliye nao. Msichana anayekohoa na kulifanyia mzaha jambo hilo katika njia ya kwanza huja kujulikana katika njia ya tatu kuwa ni mgonjwa. Ukiihamisha njia ya kwanza peke yake, kikohozi hicho hakina kazi tena; ukizichanganya njia zote mbili, lazima uamue mtazamaji aujue ukweli katika epizodi ya ngapi, na nani mwingine katika hadithi aujue pamoja naye.

Angalia pia mpangilio ambao mchezo wenyewe unazifungua njia zake, maana huo ni ushauri wa bure kutoka kwa mwandishi wa awali. Fate/stay night, uliotolewa na kampuni ya Type-Moon mwaka 2004, una njia tatu zinazosomwa kwa mpangilio maalumu, na ya tatu inavunja mambo mengi ambayo mbili za kwanza zimemzoeza msomaji. Katika Clannad ya kampuni ya Key, iliyotoka mwaka huohuo, kumaliza hadithi za wahusika wengine humpa mchezaji mianga midogo, na bila kuikusanya mwisho wa kweli haufunguki. Mchezo wa namna hiyo unakuambia wazi kwamba njia za pembeni si za kutupwa, kwa sababu mwisho umejengwa juu ya mgongo wake.

Hesabu ya muda

Epizodi ya televisheni huwa na dakika 24 hivi. Wimbo wa ufunguzi huchukua sekunde 90, wa kufungia nao sekunde 90, hivyo hadithi yenyewe hubakiwa na dakika 21 au pungufu. Msimu wa robo mwaka una epizodi 12 au 13, na 12 mara 21 ni dakika 252, yaani saa nne na dakika chache. Riwaya-mchezo ndefu huweza kuhitaji zaidi ya saa 50 za kusomwa. Hesabu hii isikutishe kupita kiasi, kwa sababu sehemu kubwa ya muda wa mchezo hutumika kueleza kwa maneno mambo ambayo picha moja huyamaliza kwa sekunde mbili, lakini ifanye kabla ya kumwahidi mtu yeyote kwamba kila njia itapata haki yake. Kanon, mchezo wa mwaka 1999, ulitengenezwa mara mbili: studio ya Toei iliufanya kwa epizodi 13 mwaka 2002, na Kyoto Animation ikaufanya upya kuanzia mwaka 2006 kwa epizodi 24. Anayetaka kujifunza tofauti kati ya kugusa njia na kuieleza njia atazame matoleo hayo mawili kwa kufuatana.

Umbo la hadithi

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko mwingine wowote, na haufai kuachwa ujitokeze wenyewe wakati miswada inaandikwa. Umbo la kwanza na rahisi ni kuchagua njia moja na kuifuata mpaka mwisho. Faida yake ni kwamba mapenzi yanapata muda wa kukua, na hasara yake ni kwamba wahusika wengine hugeuka kuwa watu wa kupita. Njia hii hufaulu zaidi pale unapokata sehemu iliyokamilika yenyewe. White Album 2, mchezo wa kampuni ya Leaf, ilitolewa kwa awamu mbili, mwaka 2010 na 2011. Mfululizo wa mwaka 2013, wenye epizodi 13, ulichukua awamu ya kwanza pekee, ambayo husomwa moja kwa moja bila matawi, na Fumiaki Maruto aliyeuandika mchezo ndiye aliyeandika pia miswada ya anime. Hakuna kilichobanwa, na huzuni ya watu watatu inapata nafasi ya kupumua.

Umbo la pili ni kuzipanga njia moja baada ya nyingine, kila moja ikianza upya kana kwamba iliyotangulia haikutokea. Amagami SS ya mwaka 2010 ilifanya hivyo bila kuona haya: wasichana sita, epizodi nne kwa kila mmoja, na kila mara tunarudi kwa kijana yuleyule anayeuguza jeraha la moyo alilolipata siku ya kuamkia Krismasi miaka miwili nyuma. Ukilichagua umbo hili, chunga mambo mawili. Mwanzo unaorudiwa uwe mfupi na uwe na jambo jipya kila mara, na tabia ya mhusika mkuu ibadilike kulingana na nani aliye mbele yake, la sivyo mtazamaji atachoka kufikia msichana wa tatu. Chunga vilevile hesabu: epizodi nne ni dakika 84, muda wa filamu moja isiyo ndefu, na hazitoshi kwa njia yenye siri ya familia, ugonjwa na upatanisho kwa pamoja. Njia nyepesi za ucheshi zinafaa, nzito zitavunjika.

Umbo la tatu ni kuzifuma njia ndani ya mstari mmoja wa wakati, ambapo matatizo ya wahusika wote yanatatuliwa lakini mapenzi yanabaki kwa mmoja. Hili ndilo gumu, na likifaulu ndilo linalofanana zaidi na uzoefu wa mtu aliyeucheza mchezo wote. Kanuni yake ni kutenganisha tatizo na penzi. Katika mchezo, mambo hayo mawili huja yameshikana, kwa kuwa anayemsaidia msichana ndiye atakayempenda. Katika mfululizo inakubidi uyakate, ili msaada uwe na sababu nyingine, kama vile urafiki, deni, ujirani, au kwamba mhusika mkuu anaogopa kurudi nyumbani na anatafuta la kufanya. Clannad ya Kyoto Animation, iliyoanza kurushwa mwaka 2007 na kuendelezwa na Clannad After Story mwaka 2008, imepangwa hivyo. Kuna tukio la mchezo wa tenisi ambalo kila mwandishi wa kazi hii anapaswa kulitazama mara kadhaa: Nagisa, msichana mkuu wa hadithi, anaumia, Tomoya, kijana mhusika mkuu, anamkimbilia, na wasichana wengine waliokuwa wakimpenda Tomoya wanauona uso wake tu na kuelewa. Hakuna hotuba ndefu. Tukio moja linafunga milango ya njia tatu, na linafanya hivyo kwa kitendo ambacho yeye mwenyewe hakupata muda wa kukifikiria.

Umbo la nne linawezekana kwa baadhi ya michezo tu, nalo ni kuyapa matawi sababu ndani ya ulimwengu wa hadithi. Katika Steins;Gate ya mwaka 2009, mchezaji anayekataa kufuta badiliko fulani la wakati huangukia mwisho wa hadithi unaomhusu mhusika fulani; mfululizo wa mwaka 2011 uliyapitia mabadiliko hayo yote kwa kufuatana na kumlazimisha shujaa ayafute moja moja, hivyo kila mlango ambao mchezaji angeingia ukawa kitu ambacho shujaa anakikana mbele ya macho yetu. Amnesia, mchezo unaowalenga zaidi wasichana, ulipotengenezewa mfululizo mwaka 2013 ulimpitisha mhusika mkuu aliyepoteza kumbukumbu katika dunia kadhaa, kila moja ikiwa na mpenzi tofauti. Wazo ni lilelile, ila mtu asiyekumbuka kitu ni vigumu kumfanya atende, na udhaifu huo huonekana. Usilazimishe umbo hili kwenye mchezo usio na wakati unaorudi nyuma wala dunia sambamba; mtazamaji hunusa hila iliyobandikwa.

Kuna pia uwezekano wa kutengeneza kazi tofauti kwa kila njia, kama ilivyofanyika kwa Fate/stay night, ambayo ilipata mfululizo mwaka 2006, mwingine wa njia ya pili mwaka 2014 hadi 2015, na filamu tatu za njia ya tatu kati ya mwaka 2017 na 2020. Huo ni mpango wa wenye pesa na mashabiki wengi, kwa hiyo sitaukalia.

Kumpa mhusika mkuu nafsi

Mhusika mkuu wa mchezo wa mapenzi mara nyingi ametengenezwa awe mtupu ili mchezaji aingie ndani yake. Mara nyingi hana sauti, wakati mwingine nywele zinamfunika macho katika picha, na tabia yake ni wastani wa majibu yote ambayo mchezaji angeweza kuyachagua. Ukimhamisha alivyo, utapata mtu mpole kwa kila mmoja bila sababu, na upole huo, uliokuwa mwema katika njia moja moja, unaonekana kuwa ulaghai unapokusanywa katika mstari mmoja wa wakati. Kuna mfululizo mmoja, School Days wa mwaka 2007, ulioamua kuufanya udhaifu huo kuwa maafa yenyewe, lakini huo ni uamuzi wa makusudi na mwisho wake si wa kuigwa na kila mtu.

Dawa ni kumpa haja moja iliyotangulia mapenzi. Anataka nini kabla hajakutana na yeyote kati yao? Tafuta jibu ndani ya mchezo kwanza, hasa katika miisho mibaya, kwa sababu huko ndiko waandishi walikoonyesha atakavyoharibikiwa asipobadilika. Kisha pima kila uchaguzi kwa gharama yake.

Nitatoa mfano wa kubuni. Tuseme mchezo una wapenzi watarajiwa wawili, mpiga fidla na mtunza maktaba, na jioni moja unauliza: utakwenda chumba cha muziki au maktaba? Katika mchezo, kwenda chumba cha muziki hakumgharimu mchezaji chochote. Hamuoni aliyesubiri kwingine, na akitaka anarudi nyuma na kuchagua upya. Katika mswada, mwanzoni mwa epizodi kijana ameahidi kumsaidia mtunza maktaba kubeba maboksi ya vitabu vya zamani saa kumi na moja. Anapopita kwenye ngazi, anasikia fidla ikikatika katikati ya kipande kilekile alichokisikia kikikatika jana na juzi. Anasimama. Anatazama saa, kisha anapanda. Hatumwoni tena mpaka usiku. Badala yake kamera inakwenda maktaba, ambako maboksi yote yamekwisha kupangwa, na juu ya boksi la mwisho kuna jozi mbili za glavu, moja imechafuka kwa vumbi na nyingine bado imefungwa kwa uzi wa dukani. Kesho yake anaomba radhi, na msichana anamjibu kwamba maboksi yalikuwa mepesi.

Uchaguzi ule wa kubonyeza kitufe sasa umekuwa kitendo cha mtu, una aliyeumia, na mtazamaji anajua jambo ambalo kijana hajui. Mpe pia anayekataliwa tukio lake mwenyewe baadaye, ambalo mhusika mkuu hayumo, ili aonekane kuwa ana maisha yanayoendelea. Dakika mbili zinatosha. Bila dakika hizo, waliopenda njia yake katika mchezo hawatakusamehe, na watakuwa na haki.

Kutoka maandishi hadi picha

Masimulizi ya ndani ndiyo roho ya riwaya-mchezo na ndiyo mtego wake. Mwandishi mvivu huyageuza kuwa sauti inayosikika juu ya picha, na matokeo yake ni anime inayosomewa mtazamaji. Chukua kila ukurasa wa mawazo na uulize mhusika anayeyawaza anafanya nini kwa mikono yake wakati huo. Sauti ya ndani ibaki mahali pawili au patatu tu, pale mhusika anapojidanganya na picha inamkanusha. Kumbuka pia kwamba katika mchezo wahusika husimama wakimtazama msomaji moja kwa moja kwa saa nyingi. Katika anime mtu anayesema maneno mazito anaweza kuwa amegeuka, na mara nyingi ni bora awe amegeuka.

Picha maalumu za mchezo, zile zinazochorwa kwa ajili ya tukio moja tu, zipangie nafasi mapema, kwa sababu mashabiki wanazikumbuka kwa undani na watazisubiri. Muziki nao usiuache. Wimbo uliozoeleka katika njia fulani ukipigwa mahali pasipo pake humchanganya aliyecheza, na ukicheleweshwa kwa makusudi humtoa machozi.

Michezo mingi ya kompyuta ya aina hii ilitolewa kwanza ikiwa na matukio ya watu wazima, kisha ikatolewa kwa mashine za michezo bila matukio hayo, kama ilivyokuwa kwa Fate/stay night kwenye PlayStation 2 mwaka 2007. Anzia kwenye toleo hilo la pili, kwa kuwa waandishi wameshafikiria namna ya kuziba pengo. Jambo la kuhifadhi ni badiliko lililotokea kati ya wawili hao usiku ule, nani alimwamini nani na kwa nini, na hilo huweza kubebwa na mazungumzo ya asubuhi yake.

Kupanga epizodi

Epizodi ya kwanza isiwatambulishe wapenzi watarajiwa wote kwa zamu, ingawa kamati ya uzalishaji, yaani kampuni zinazogharimia anime kwa pamoja, itakuomba ufanye hivyo kwa sababu kila mmoja ana bidhaa zake za kuuzwa. Waoneshe wote ikibidi, lakini mtazamaji aondoke akiwa amemjua mmoja na mhusika mkuu. Ungamo la mapenzi lisikae epizodi ya mwisho. Katika msimu wa epizodi 12, liweke karibu na ya nane, ili zibaki epizodi za kuonyesha wawili hao wakiwa pamoja na wakijaribiwa, maana njia nzuri katika michezo hii mara nyingi huanza kuwa nzuri hasa baada ya ungamo. Njia ambazo hazikupata nafasi zinaweza kupewa epizodi za ziada nje ya msimu, zikitangazwa wazi kuwa ni dunia nyingine. Clannad ilifanya hivyo kwa wasichana wake wawili, Tomoyo na Kyou, na haikulazimika kuugusa mstari mkuu.

Mwandishi wa mchezo, akiwepo na akikubali, aitwe mwanzoni kabisa, wakati umbo bado linajadiliwa. Akiitwa baada ya miswada sita kukamilika atabaki kusahihisha namna wahusika wanavyoitana, jambo ambalo lina umuhimu wake lakini halimtoshi mtu wa cheo chake. Waigizaji wa sauti wa mchezo nao ni vyema waendelee kadiri inavyowezekana, kwa kuwa wameshaishi na mistari hiyo kwa muda mrefu kuliko mwongozaji.

Rasimu ya mpango mzima ikikamilika, tafuta mtu ambaye hajawahi kuugusa mchezo, umsimulie epizodi moja moja kwa mdomo, na usimweleze chochote kisichomo. Baada ya ya tatu, muulize mhusika mkuu anataka nini. Baada ya ya nane, muulize ni nani aliyeumia kwa sababu ya uchaguzi wake. Pale anaposhindwa kujibu, rudi kwenye lahajedwali. Jibu mara nyingi limo katika njia uliyoiacha.